Upana wa Mfarishi

Jumamosi, 12 Julai. Kintinku. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye maji ya kunywa.

Leo nitaandika yote, hata lile nililolificha wiki nzima.

Nimelifumua gauni la Mama.

Ni lile la pinki, la manyoya laini na lenye kofia, alilolinunua mnadani. Alikuwa akilivaa asubuhi za baridi kabla hajaenda Muscat kufanya kazi za ndani. Siku ya kuondoka alilikunja mwenyewe, akaniambia nilitunze. Nimelitunza karibu miaka miwili. Baridi ya mwaka huu ilipoanza nikawa nalala nalo, mikono yangu ndani ya mikono yake, kwa siri ili Bibi asinione mtoto.

Halafu nikawaza kushona mfarishi. Juu vipande vya vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini manyoya hayo, ili yawe ndiyo yanayogusa ngozi.

Kushona najua. Shuleni tumefundishwa kukivuta kitambaa kikaze mbele na nyuma, ndipo mshono unyooke. Sketi yangu ya shule niliishona hivyo na hakuna aliyenicheka. Kwa hiyo leo, Bibi alipokwenda jumuiya, nilikaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga na kujaribu kwanza kwa kushona vipande vya vitenge kwenye kofia ya gauni.

Nikavuta. Kitambaa nacho kikavutika kama bigijii. Nilipokitoa chini ya sindano kilikuwa mawimbi matupu, vitenge vimehamia pembeni, mshono umeruka hapa na pale. Na manyoya yalikuwa kila mahali, hadi kwenye nyusi zangu.

Bibi akanikuta hivyo. Nikamwamkia shikamoo bila kuinua uso.

"Marahaba. We Neema, umechinja kondoo humu ndani?"

Nilicheka, kisha nikalia. Bibi akaokota mkono mmoja wa gauni, akaunusa.

"Unadhani sijui kama unalala nalo?"

Hakunigombeza. Alivuta kigoda akakaa karibu. "Hiki si kitenge. Ukikivuta kinakukomoa. Kiache kiende chenyewe, wewe kielekeze tu, kama unashika kifaranga."

Tukachana kurasa za daftari langu la zamani la Hisabati, tukaziweka chini ya kitambaa ili kisiteleze. Tukabana kwa pini nyingi, tukashikiza kwa mkono, tukarefusha hatua za sindano. Nikakanyaga polepole. Tulipobandua karatasi, mshono ulikuwa umelala sawasawa.

Nilitaka mtu mwingine aone.

Nikapiga picha kwa simu ya Bibi, nikaituma kwa Mama. Hadi sasa ina tiki moja, haijamfikia.

Nyumba imekuwa kubwa tena, kama siku ile alipoondoka. Bibi ameinjika ugali, na mimi nimekaa na vipande vya gauni mapajani. Mgongo na mbele vinatosha mfarishi wa mtu mmoja, na mikono itakuwa mto. Nikiiunganisha mikono nayo kwenye mfarishi, utatosha watu wawili. Ila ikishakatwa kuwa mto, haiwezi kurudi. Bibi amesema tutakata kesho tukitoka kanisani, na upana nichague mwenyewe.

Sijui nichague nini.

Mama, najua huwa unausoma ukurasa wangu huu mtandaoni ukipata nafasi, kwa hiyo naacha kujifanya naandika peke yangu. Nisamehe kwa gauni. Mkataba wako unaisha Desemba. Nilipokuuliza kama utarudi au utaongeza, ulisema, "Tutaona, mwanangu," kisha simu ikakatika. Sijui ulikuwa mtandao au ulikata wewe. Sitakasirika kwa jibu lolote. Ila sitaki kulala peke yangu kwenye mfarishi wa watu wawili, wala sitaki uje ukute nafasi yako nimeshaikata kuwa mto.

Mkasi uko mezani. Nijibu leo hii, hata kwa neno moja: nikate wa mtu mmoja, au wa wawili?