Mahari ya Magodoro

Kisugu, Kampala

Kwako Mama yangu mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Umepona, au bado unaupaka mafuta ya taa na kumdanganya nyanya kwamba ni dawa ya hospitali? Mimi na Imani hatujambo. Ameota meno mawili, na yote anayajaribu kwangu.

Ujumbe wako ulinifikia: wazee wa baba Imani wanakuja Jumamosi kutaka nirudi kwake, nawe wataka neno langu. Naandika karatasi kwa kuwa simu yako hupokelewa na baba mdogo. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze ya hapa kazini.

Nilishakuambia habari za Madamu, mkubwa wa ofisi iliyonipokea nilipokuja huku na jicho limevimba. Zamani alikuwa nesi. Alichoka kuwashona wanawake walewale kila mara, akaacha sindano, akakodi chumba kimoja na benchi, akaanza kuwapigania. Tangu hapo amegombana na wenyeviti wa mitaa, mahakimu, hata waheshimiwa wa bunge, wala haogopi mtu. Kinachomshinda ni L na R tu.

Juzi tulikutana na wanawake wa mtaa huu: wake za wanajeshi, Wakongo, Wakenya wenzetu, wote watu wa Kiswahili. Mkalimani ni mimi, lakini Madamu akakataa. "Kaa chini, mama Imani. Reo nasema mwenyewe."

Akasimama: "Mwanaume akikupiga, usirie peke yako! Kuja kwetu. Tuna mahari! Mahari safi, ya siri!"

Alitaka kusema mahali, Mama. Makofi yakalia. Bibi mmoja akauliza, "Mnatoa ng'ombe ama pesa?"

"Ng'ombe hapana. Magodoro iko. Na uji asubuhi."

Nikamvuta gauni. Akanipiga kibao cha mkono akidhani ni Imani.

Asubuhi yake benchi limejaa wazee waliokuja kupokea mahari ya binti zao. Nyuma yao, mwanamume mmoja mnene, mume wa Akello. Akello, mmoja wa wanawake waliokimbilia kwetu, alikuwa jikoni anamenya ndizi, mkono mmoja umefungwa bandeji.

"Nipeni mahari yangu, mbaki na mke," akasema.

Madamu akatoka mbio. "Mahari ni ya wanawake! Mwanaume haruhusiwi hata kuiona!"

"Mahari yangu mwenyewe nisiione?"

"Hata porisi haioni!"

Nilicheka mpaka maziwa yakalowesha blauzi. Nikawaeleza: "Wazee wangu, ni mahali. Pa kulala."

"Kwa hiyo hata mbuzi hakuna?" mzee mmoja akauliza kwa huzuni.

Hapo Akello akashindwa kunyamaza, akapaza sauti kutoka jikoni: "Anadai mahari gani huyo? Alileta mbuzi wawili, mmoja kipofu!"

Kicheko kikakatika. Mumewe akauendea mlango wa jikoni. Mlango ni huo mmoja, na mlangoni nilisimama mimi, Imani mgongoni, chupa ya chai mkononi.

"Toka, dada."

"Hupiti, baba."

"Mimi ni mume wake."

"Nimesikia. Hupiti."

Akanitazama, akaitazama chupa. Mzee mmoja akamshika shati. "Twende, kijana. Hapa hakuna ng'ombe." Akaenda akitukana. Akello bado tuko naye. Madamu akanipikia chai kwa mkono wake, chai mbaya sana.

Mama, neno hilo la hupiti sikuwahi kumwambia baba Imani. Sikujua kama ninalo. Basi jibu langu ni hili: sirudi. Najua kwetu ndoa ni kuvumilia, na sikudharau. Lakini nilivumilia mpaka Imani akawa anashtuka tumboni kila pikipiki yake iliposimama nje.

Wazee wakija wape chai na viazi, waache waseme mpaka wachoke, kisha uwasomee jibu langu hili kwa sauti. Wakidai ng'ombe wao, aliyewauza ni baba mdogo, awaeleze yeye.

Nisalimie nyanya, mwambie Imani amechukua masikio yake. Dada mkubwa pia, na shemeji mwalimu, ila asiisahihishe barua hii kwa kalamu nyekundu.

Ni mimi binti yako, ambaye siku hizi nalala usingizi, Imani akitaka,

Nekesa