Wimbo wa Mwisho wa Taa za Ukungu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi. Kama umesimama, vuta kiti kwanza. Goti linaendeleaje? Na mdogo wetu, bado hakubali kunyolewa na mtu mwingine ila wewe? Mimi mwili mzima, isipokuwa sikio la kushoto limekufa kabisa. Wateja wananitania kwamba fundi redio kiziwi ni sawa na kinyozi mwenye upara. Usingizi ndio umenihama. Wiki ya tatu hii nakuandikia na kuchana, nakuandikia na kuchana. Leo sichani. Maji yamenifika shingoni, na kuna mtu yuko njiani kuja kwako. Lazima nimtangulie.

Nivumilie nianzie mbali. Unajua tulikuwa na bendi, lakini hujawahi kuniuliza habari zake kwa undani, nami nikashukuru. Mwaka ule ulikuwa chuo cha wauguzi, mama ameshatutoka. Siku unaondoka ulinishika bega ukaniambia neno moja tu, kwamba nimwangalie mdogo wangu. Mimi nina miaka ishirini na minne, yeye kumi na tisa.

Tulikuwa wanne. Mpiga ngoma alikuwa makanika, tulimwita Breki kwa kuwa hakuwa nazo: akishaanza kupiga, hasimami mpaka fimbo zivunjike. Jina la Taa za Ukungu tulilitoa kwenye boksi la vipuri gereji kwake. Kinanda alipiga mwalimu wa hesabu, mtu wa watu, aliyekuwa akihesabu mapigo kwa midomo kama anayesali. Mimi gita la besi. Mdogo wetu gita la solo na sauti, na nyimbo zote zilitoka kichwani mwake. Alituambia kwamba saa nane mchana ina mlio wake, na kwamba anataka kuupata. Tulicheka. Akagusa nyuzi, tukaacha kucheka. Wanamuziki wakubwa waliopiga dansi hotelini waliuita muziki wetu muziki wa homa, kwamba mtu akiusikiliza anapaswa kufunikwa blanketi.

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya maseremala. Kutani trei za mayai, dirishani blanketi mbili. Siku za kazi misumeno ilinguruma chini kutwa, hivyo tulirekodi Jumapili tu, toka asubuhi hadi alasiri. Feni ilikatazwa kwa sababu utepe uliinasa. Jasho lilitiririka mpaka kwenye nyuzi. Lakini dada, sitadanganya hapa: sijawahi kuwa na furaha kama ile. Fundi mitambo, mwembamba mwenye penseli sikioni, alitushushia tenki tupu la maji uani, akatumbukiza spika ndani na kuweka maiki kwenye mdomo wa tenki, na sauti ya mdogo wetu ikarudi kama inaimbwa na mtu aliye chini ya ardhi. Alibonyeza gurudumu la utepe kwa kidole gumba, kinanda kikaugua. Akaugeuza utepe ukaenda kinyumenyume, na tasa la shaba la Breki likavuta pumzi ndefu kabla ya kupigwa. Tulirukaruka kama watoto waliofunguliwa mlango wa shule.

Jumapili ya tatu mdogo wetu aliacha kula. Alisema misumeno inakata hata leo, na karakana ilikuwa imefungwa kufuli. Alimwomba fundi azime utepe uliokwisha kuzimwa. Mwalimu alinivuta kando ngazini, akanieleza kwa upole kwamba huyu kijana mgonjwa, nimpeleke kwa dada yake. Nilimjibu kwamba wasanii ndivyo walivyo. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu.

Tulimaliza. Tuliiita albamu *Chumba Kisicho na Pembe*. Zilitoka santuri mia mbili. Redio ilipiga wimbo mmoja mara moja, kisha mtangazaji akawaomba radhi wasikilizaji. Breki alirudi gereji, Mwalimu darasani, na mimi nikasukumia santuri chini ya kitanda. Yaliyompata mdogo wetu unayajua, au tuseme unayajua nilivyokusimulia.

Miaka thelathini na sita ikapita. Mwaka juzi msichana mmoja mgeni aliingia kibandani kwangu na simu mkononi, akaniuliza kama mimi ndiye mpiga besi wa Taa za Ukungu. Nilipokubali, akalia pale pale mbele ya mteja aliyeleta pasi kutengenezwa. Kumbe huko kwao vijana wamekuwa wakinakiliana albamu yetu kwa miaka, wanaandika habari zake, kuna bendi zilizozaliwa kwa sababu yake. Wanaoupenda zaidi ni wimbo wa mwisho, ule wa dakika nne na nusu usio na maneno, wenye sauti inayoonekana kupanda kisima kwa mgongo. Wameuita kilio kisicho na lugha. Wapo wanaoupiga wakiwazika baba zao.

Waandishi wakaja, nami nikajikuna kidevu nikawaambia kwamba ndugu yangu alibuni lugha yake mwenyewe. Mara ya tatu nilisema hivyo hata bila kuulizwa. Niliona fahari, dada. Mzee mzima nilitembea barabarani kifua mbele.

Kisha ikaja kampuni inayotaka kuitoa upya. Walizipata tepu asilia kwa binti wa marehemu fundi. Wiki tatu zilizopita mtu wao wa sauti alinipigia simu. Siku zote huwa mchangamfu. Siku hiyo alizungumza kama mtu aliye wodini. Alisema amejaribu kuugeuza ule wimbo wa mwisho uende mbele, kwa udadisi tu. Akaniuliza, kwa adabu sana, Dada ni nani.

Sasa nakuambia.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya tano, mdogo wetu alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akaniomba nimpeleke kwako. Aliniomba vizuri, kwa akili zake timamu. Nilimwambia umebaki wimbo mmoja, tumalize kwanza. Usije ukajisemea kwamba sikujua. Nilijua.

Jumapili ile alianza kuimba, akaimba ubeti mmoja, akaweka gita chini na kuketi sakafuni chini ya maiki. Akaanza kusema. Kwamba kuta zinasogea. Kwamba kaka hamsikii. Kisha akaanza kukuita. Breki aliacha ngoma akainuka aende kumshika. Mimi nilimzuia kwa mkono, nikamtazama fundi mbele ya mitambo yake, nikamzungushia kidole hewani: endelea, usizime. Mdogo wetu alilia pale dakika nne na nusu, nami nilikuwa nasikiliza kama sauti imenasa vizuri.

Fundi hakutaka kuutumia. Mimi ndiye niliyemshawishi augeuze, ili maneno yasisikike na uzuri ubaki. Nilisema hivyo hivyo, uzuri ubaki. Breki aliondoka siku ile na hajanisalimia mpaka leo. Baada ya hapo nilimweka mdogo wetu chumbani wiki mbili nzima, mlango nimeufunga kwa nje, wakati tunamalizia kuchanganya sauti. Ndipo nilipopiga simu chuoni kwako nikasema ameanguka ghafla jana njiani.

Ulikuja na sare yako. Daktari alikuuliza ugonjwa umeanza lini, ukanigeukia, nikasema jana. Alisema kama ungekuwa umechukua muda angelaumu kuchelewa. Kule kwenye benchi la nje ukaniuliza, "Aliniulizia?" Nikakujibu, "Hapana. Hakukutaja." Ukakunja kofia yako ya uuguzi ukaiweka kwenye mkoba, na hukurudi tena chuoni. Miaka thelathini na minane umemlisha, umemwogesha, ukidhani unamlea mtu ambaye saa yake mbaya kuliko zote hakukukumbuka. Alikuita mara kumi na saba. Nimezihesabu.

Maana yule mtu wa sauti alinitumia ule utepe ulionyooshwa. Nilifunga kibanda mchana kweupe nikausikiliza kwa sikio langu moja. Nilidhani nimeshajiandaa. Lakini mwishoni kuna jambo nililokuwa nimelisahau kabisa, au nililizika. Anaacha kulia. Kisha anauliza, kwa sauti ile ya mtoto aliyetaka kukufurahisha, "Kaka, imetosha?"

Na sauti yangu, kwa mbali, karibu na mlango, inajibu, "Bado kidogo."

Wewe ni wa kwanza kuandikiwa hili, na sitaki unijibu haraka. Mtu wa kampuni atafika kwako Alhamisi na karatasi ya idhini ya kutiwa alama ya kidole gumba cha mdogo wetu. Wanataka kuutoa wimbo pande zote mbili, wa kinyume na wa kweli. Mimi nimekataa kutia sahihi, lakini sahihi yangu haina uzito. Wewe ndiye mlezi wake. Ukikubali, sawa. Ukiichana karatasi, sawa. Ninachokuomba ni kimoja: usimruhusu mtu huyo aupige ndani ya nyumba yako mpaka wewe mwenyewe uamue kama mdogo wetu anapaswa kuusikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha ya mwenzangu, na mimi ndiye niliyebaki na afya.

Siombi msamaha katika karatasi hii. Kuomba kwa barua ni kumtuma tarishi akapigwe badala yangu. Nitapanda basi Jumamosi asubuhi. Kama hutaki kuniona, mwambie jirani yako wa duka la dawa anisimamishe kituoni, nitageuka bila neno.

Nifikishie salamu kwa jirani huyo na kwa mama anayekusaidia kufua. Kwa mdogo wetu sitatuma salamu. Nitampa mwenyewe mkononi, ukinifungulia.

Ni mimi,
wenu wa katikati.