Tafsiri Isiyotiwa Chumvi

Buenos Aires, 26 Septemba 2019

Mpenzi Noga,

Hujambo mwanangu? Mimi mzima, ila goti linanisumbua, nalo nimeshalizoea. Baba yako amenitumia kadi ya mwaka wetu mpya wa Kiyahudi. Ina picha ya komamanga, na nyuma ameandika Kiebrania kwa mkono. Herufi za kitabu cha sala nazisoma, lakini hizi za mkono naona nyuzi tupu, naye anajua hivyo, mjeuri yule! Nimeipiga picha, nitafsirie. Miaka sita hatusemezani, tangu nimzike mama na kukaa matanga siku saba peke yangu. Kama kaniomba radhi, nataka kujua kabla ya mfungo wa Siku ya Upatanisho, maana ndiyo siku ya kusameheana.

Shangazi yako Perla

Haifa, 28 Septemba

Shikamoo shangazi,

Pole na goti. Sisi wazima, nyumba nzima inanukia asali. Kadi inasema: "Mwaka mwema, Perla. Uandikwe katika kitabu cha uzima. Nisamehe kwa yale matanga. Nahum." Haya, mpigie simu!

Mtoto wa kaka yako, Noga

Buenos Aires, 2 Oktoba

Noga weye,

Marahaba. Goti lile lile. Nilisoma nikalia, kisha nikacheka. Nahum huyu huyu aombe radhi? Utotoni alivunja kinara cha mama, akaapa kuwa kilijirusha chenyewe. Umetia chumvi, mwanangu. Nitafsirie tena, neno kwa neno, na usinihurumie.

Shangazi yako

Haifa, 4 Oktoba

Shikamoo shangazi,

Naona haya hata kukuuliza hali. Kadi inasema: "Mwaka mwema, Perla. Uandikwe katika kitabu cha uzima. Nahum." Basi. Niliongeza kwa sababu nimechoka kuwa na shangazi wa kwenye barua tu.

Lakini haya ninayokuambia sasa hayana chumvi. Watu wengine wote baba huwatumia salamu kwa simu, picha ile ile moja. Kadi ameandika yako tu, na aliharibu nyingine kadhaa kabla ya hiyo. Jana nikamwuliza kwa nini hakwenda kumzika bibi. Akanijia juu: "Nani kakwambia sikwenda? Nilikuwa Madrid nangoja ndege ya pili, nikapata habari kuwa wameshazika." Akageuza akarudi Haifa. Akakaa matanga hapa sebuleni, juu ya kigoda, peke yake. Mimi nilikuwa jeshini, sikujua.

Noga

Buenos Aires, 7 Oktoba

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama alifariki Alhamisi. Nilimpigia Nahum, akasema "nimesikia," akakata simu. Nikadhani hana habari nasi. Ijumaa nikamzika kabla ya Sabato, maana maiti hasubirishwi. Lakini kwa ajili ya mtoto wake aliye njiani, angesubiriwa mpaka Jumapili, na hakuna ambaye angenilaumu. Sikumwuliza kama anakuja. Neno moja tu, na sikuliuliza. Naumia sana, Noga.

Kumbe wa kuomba radhi ni mimi. Nimemwandikia kwa herufi za kitabu cha sala, moja moja, kama zilivyochapwa. Nimekupigia picha. Mwoneshe leo hii, usirekebishe hata nukta.

Shangazi yako

Haifa, 8 Oktoba, asubuhi

Shikamoo shangazi,

Goti linaendeleaje? Nimemwonesha. Alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena. "Ona mwandiko huu," akasema, "mtoto wa darasa la kwanza anamshinda!" Kisha akaingia jikoni akafungulia maji, na hakuna chombo alichokuwa akiosha.

Alipotoka nikamwuliza kwa nini alikuandikia Kiebrania na anajua huzisomi herufi za mkono. Akasema, "Ningeandika Kihispania, angesoma peke yake akaitupa. Nilitaka amtafute mtu wa nyumba hii."

Sasa ameketi karibu na dirisha, simu mkononi. Mfungo unaanza jioni. Ameniuliza kwenu saa hizi ni saa ngapi, nikamjibu bado ni usiku, umelala. Simu ikilia, pokea. Ataanza kwa kukuuliza goti, mvumilie.

Nilitaka nikuamshe mimi. Amenikataza. "Mwache alale," amesema. "Mimi nitamsubiri."

Mtoto wa kaka yako, Noga