Kompyuta Zilizovuka Mpaka

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mvua tangu alfajiri. Nimefagia matope mara mbili. Wanafunzi wa uuguzi wanaingia maktaba kama wanaingia shambani. Nimewaambia wafute miguu. Wamecheka, wamefuta.

Tangazo la warsha nimelibandika. Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo wahudumu wa zahanati na vituo vya afya watakuja hapa kwenye tawi la chuo, Tunduma mpakani, kujifunza kutafuta makala za utafiti. Mkuu wa tawi anasema watakuja kwa ajili ya posho, si makala. Labda. Mimi nilifundisha matabibu miaka mingi kabla ya kustaafu na kupewa maktaba hii kwa mkataba. Najua mtu aliye peke yake zahanati anavyotamani kuwa na wa kumuuliza.

Jioni simu kutoka Saza. Atupele, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni tabibu wa zahanati huko kwenye machimbo. Ana mgonjwa aliyemshinda. Namwita Salome, jina lake halisi sitaliandika hata hapa. Mikono inatetemeka. Usingizi hana. Mate yanamjaa kinywani, fizi zimevimba, hasira ziko karibu. Atupele ametibu malaria, hakuna nafuu. Ametibu taifodi, hakuna nafuu.

Ukoo wa mume unasema ni pombe, anakunywa kwa kificho. Jumapili inayofuata warsha wazee wa ukoo watakaa. Wakiridhika kwamba ni ulevi, Salome anarudishwa kwao Ihanda na watoto wake watatu wanabaki Saza. Atupele anataka jibu kabla ya siku hiyo.

Nimemwambia njoo warshani, makala zipo. Nimelisema kwa sauti ya mwalimu. Sauti hiyo haijui kusitasita.

Jumatano, 5 Machi

Makala hazipo.

Nilikaa kuandaa mifano ya warsha. Nimeingiza jina la siri la chuo kwenye tovuti ya majarida. Mlango umegoma. Nimerudia. Hamna ruhusa. Kompyuta ya pili, hamna ruhusa. Zote.

Nieleze vizuri, maana kueleza kunanituliza. Majarida ya utafiti wa tiba huuzwa ghali, chuo kama chetu hakiwezi. Wachapishaji wamekubali nchi zenye kipato kidogo zisome bure. Kila chuo kinajiandikisha, kinapewa jina la siri, kinafunguliwa. Disemba tulifunguliwa bila shida. Januari na Februari wanafunzi walikuwa mafunzoni wodini, hakuna aliyejaribu. Leo tumefungiwa nje kama wadaiwa.

Nimeogopa. Sikumpigia Atupele.

Ijumaa, 7 Machi

Kassim, fundi wetu wa kompyuta, mtu wa Tanga aliyeoa hapa Tunduma akasahau kurudi, ameshinda maktaba siku nzima. Alisema ni virusi. Amesafisha. Bado. Akasema ni jina la siri limekwisha muda. Tumeandika kwa wahusika, wamejibu haraka na kwa adabu: jina liko hai, halina tatizo. Bado.

Amelala chini ya meza akifuata waya. Miguu tu inaonekana. Nikamuuliza unaona nini huko. "Naona soksi zako hazifanani, Mwalimu."

Kweli hazifanani.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa tawi ameniita. Anataka warsha iahirishwe, au niwasomee wageni kutoka ubaoni. Kufundisha kutafuta bila pa kutafutia ni kufundisha kuogelea uwanjani. Nimemwambia hivyo, kwa heshima. Amesema nina mpaka kesho jioni.

Nimempigia Atupele, nimemwambia ukweli. Akasema jambo ambalo limenikaa kifuani: na yeye ameanza kuamini ni pombe. Nikamuuliza, umewahi kumnusa? Hapana. Umeona chupa? Hapana. Sasa? "Mwalimu, kila mtu anasema." Nimekasirika. Si kwake. Ni kwa kata nzima ya watu wanaosema, na mwanamke mmoja anayetetemeka.

Nimemwambia anza safari kama tulivyopanga. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Tumepata!

Asubuhi niliacha kubisha kwenye mlango wa majarida, nikafungua ukurasa wa kawaida wa habari, nisome tu, nipumzishe kichwa. Pembeni tangazo la magodoro. Duka liko Lusaka. Chini yake tangazo la mbegu za mahindi, Lusaka tena. Nikafungua ukurasa mwingine. Shule ya udereva, Kitwe. Bei zote kwa kwacha.

Nikajiuliza kwa nini watu wa Lusaka wananihangaikia.

Nikamwita Kassim. Laini ya intaneti umenunua wapi? Akasema Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mbona Januari ofisi ilimwagiza, ya kule ina nguvu zaidi hapa bondeni. Kila mtu Tunduma anafanya hivyo. Mwenye duka, wakala wa forodha, hata mchungaji. Mtu anavuka kwa miguu, ananunua, anarudi kula mchana kwake.

Basi nieleze tena. Kompyuta ikiingia mtandaoni inajulikana iko nchi gani kwa laini inayopitia. Sisi tumeandikishwa kama chuo cha Tanzania. Kwa wenye majarida, kila tukibisha hodi anayebisha ni mtu wa Zambia ameshika jina la siri la Watanzania. Mwizi. Wana haki kumfungia.

Kassim ameshika kichwa. "Yaani kompyuta zetu zimehamia Zambia bila hata pasipoti!" Nimecheka mpaka nikakohoa. Muuguzi mwanafunzi ameniletea maji.

Laini ya huku amenunua hapo hapo kituo cha mabasi. Ndani ya maktaba haishiki. Nimetoka nayo uani, imeshika kidogo, nimejaribu ukurasa mmoja wa majarida. Umefunguka. Nimesimama kwenye manyunyu na kompyuta chini ya koti kama mtu aliyeficha kuku.

Mkuu amekubali. Amesema "haya, Mzee, tuone." Inatosha.

Jumatano, 12 Machi

Bomba refu la chuma, juu ya mnara wa tangi la maji. Modemu yenye laini ya huku ndani ya kopo la plastiki lililopinduliwa, mvua isiingie. Waya unashuka mpaka dirishani. Kassim juu, mimi chini nikitoa maelekezo ambayo hakuyaomba. "Mwalimu, ukitaka kupanda, ngazi ipo!"

Kompyuta zote zimefunguka. Kila moja. Nimezunguka nikizifungua tena na tena kwa raha tu.

Alhamisi, 13 Machi

Siku kubwa. Niandike kwa mpangilio.

Wageni wamejaa, wengine wameazima viti darasani. Atupele ameingia na begi na matope ya Saza bado kwenye viatu. Macho mekundu kwa safari. Amepiga goti kidogo kunisalimu, nimemwambia kaa mbele.

Nikawapa zoezi la kwanza: kila mtu atafute mgonjwa aliyemshinda. Nikapita nyuma ya viti. Kila mtu ameandika ugonjwa aliokwisha kuuamua kichwani. Mwenye kudhani malaria ameandika malaria, na bahari ya malaria imemmwagikia. Ndivyo tulivyozoea kazini: mgonjwa akifika mlangoni tumeshampa jina, homa yoyote ni malaria mpaka ikatae. Atupele alikuwa ameandika ulevi na mtetemeko. Makala za walevi zimejaa kioo chake. Zote zinamhukumu Salome.

Nikasimamisha darasa. Nikasema futeni yote. Mmeandika majibu, mimi nimewaomba maswali. Andikeni mlichokiona kwa macho. Mnachodhani kiacheni nje na miavuli. Kisha ongezeni kitu kimoja: huyu mtu anashinda wapi, anafanya kazi gani?

Mwuguzi mmoja wa makamo kutoka Momba, mama wa maneno mengi, akasema kwa sauti: "Mwalimu, sisi tunauliza una miaka mingapi na dini gani. Kazi tunaandika mkulima hata kama ni dereva wa lori!" Ukumbi ukacheka. Ni kweli lakini. Mkulima, mkulima, mkulima, mpaka chini ya ukurasa.

Nikamgeukia Atupele. Salome anafanya nini kutwa?

Akasema anapika, analea. Nikasubiri. Kusubiri nakuweza. Akasema, na anachoma dhahabu. Mume na shemeji wanaleta madini yaliyokwisha kushikwa na zebaki, yeye anayaweka kwenye kikaango jikoni, zebaki inaruka kwa moshi, dhahabu inabaki. Jikoni? Jikoni, mlango umefungwa, majirani wasione. Nikamwuliza tangu lini. Alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Anaandika.

Mtetemeko. Fizi. Mate. Kukosa usingizi. Wachimbaji wadogo. Dhahabu. Kwa Kiingereza, neno moja moja, kama nilivyowafundisha.

Kioo kikajaa. Kila kichwa cha makala kinamtaja Salome bila kumjua. Mvuke wa zebaki. Atupele akasoma mistari ya kwanza kimya, kisha kwa sauti, akitafsiri papo hapo: kutetemeka, fizi kuvimba, mate mengi, hasira, kutolala. Akafika kwenye wanaochomea ndani ya nyumba. Akaweka uso mezani.

Mama wa Momba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Halafu ukumbi wote. Halafu Kassim mlangoni, akapiga kigelegele kama yuko arusini, na mvua juu ya bati ikatuzidi wote.

Nimefurahi. Niliandike wazi: nimefurahi kuliko siku ya kustaafu, na siku ile nilipewa ng'ombe.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili. Tumefundishana kupima makala, ipi ya kuamini na ipi ya kuiacha. Makala haimtibu mtu, nimewakumbusha. Salome bado anahitaji kupimwa. Hospitali ya rufaa Mbeya wamekubali kumpokea. Atupele ameondoka na basi la mchana. Nimemfundisha namna ya kusema mbele ya wazee: asianze na kosa la mtu, aanze na moshi.

Jumapili, 16 Machi

Ibada. Sikusikia mahubiri. Wazee wa ukoo wamekaa leo, Saza.

Jumatatu, 17 Machi

Simu kabla sijafungua maktaba. Atupele anaongea haraka hata simfuati, nimemwomba aanze upya.

Wazee walikaa uani. Shemeji ndiye aliyeongoza mashtaka. Atupele akaeleza moshi. Shemeji akasema maneno ya kompyuta hayamhusu, macho yake yameona mikono ya mlevi. Atupele akauliza nani mwingine hulala karibu na jiko lile. Ndipo mama mkwe akasogea mbele. Mwanamke wa kanisa, hajagusa pombe ya komoni maisha yake yote, na ukoo mzima unajua. Chumba chake kinapakana na jiko. Akamwambia shemeji huyo, mwanawe: "Na haya mate yanayonijaa mimi kila usiku, na meno yanayocheza, nimenywea wapi? Nitajie kilabu."

Wazee wakakata shauri.

Salome anabaki na watoto wake. Wote wawili, yeye na mama mkwe, wanapelekwa Mbeya. Kikaango kimetolewa jikoni. Wazee wameagiza hakuna kuchomea tena nyumba yoyote ya ukoo, na Atupele ataita mafundi wa machimbo awaeleze vifaa vya kufungia moshi.

Nimeimba nikifungua madirisha. Wimbo wa kanisa, sauti ya besi, vibaya. Mkuu wa tawi amepita, amesimama, amesema warsha nyingine lini. Nimemwambia niachie kwanza nimalize ubeti.

Jumanne, 22 Aprili

Vipimo vimethibitisha zebaki kwa wote wawili. Salome analala usiku. Mikono inatulia polepole. Mbeya wamesema itachukua miezi, tusitegemee miujiza. Sitegemei. Atupele amewakuta wanawake wengine watatu wenye dalili hizo, nao wameacha kuchomea ndani. Hawa hakuna aliyewaita walevi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zimeisha. Hewa ya baridi inaanza, nimevaa sweta.

Wauguzi wawili kutoka kituo cha afya cha Ihanda wamekuja bila kualikwa. Si siku ya warsha. Wamesalimia, wakakaa kompyuta ya dirishani. Wana mtoto anayewatatiza. Nilikaa mezani kwangu nikijiandaa kuitwa. Niliwasikia wakibishana kwa Kinyiha, halafu mmoja akasema kwa Kiswahili, futa hilo, hilo ni jibu, tuandike tulichokiona.

Wamekaa mpaka mchana. Wameandika karatasi yao, wameaga, wameondoka.

Sikuitwa hata mara moja. Nimevirudisha viti mahali pake.