Kofi Kwenye Gwaride

Jumatatu, 7 Julai
Gwaride kama kawaida, nyuma ya ghala tunalolinda hapa Nakawa. Matope. Buti langu la kushoto linaingiza maji. Afande Charles, msimamizi wetu, akakagua kucha, virungu, kofia. Kofia yangu ilikuwa imepinda. Akanipiga kofi. Sikio bado linavuma. Wenzangu walitazama mbele tu, kama tulivyofundishwa. Kisha akauliza swali lake la kila siku: "Iko mtu ana shida?" Tukajibu wote: "Hakuna, afande!" Na mimi nikajibu. Hilo linaniuma kuliko shavu.

Jumanne, 8 Julai
Sikulala vizuri. Getini nakagua magari huku namtafuta yeye kwa macho. Akikohoa tu, narekebisha kofia. Namchukia. Wanaume amewapiga tangu mwaka jana. Nilidhani mwanamke hatamgusa.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemweleza Mama. Amekulia kambi ya polisi, akaolewa na polisi. Kwake kofi la mkubwa ni kama mvua, linakuja na kupita. "Nyamaza tu, Zaituni. Kazi nyingine utatoa wapi?" Nimemkasirikia. Lakini swali lake ninalo na mimi, na watoto wanasoma kwa kazi hii.

Jumatatu, 14 Julai
Nimesema. Afande aliuliza kama kuna mwenye shida, wenzangu wakapaza sauti kwamba hakuna. Walipomaliza nikasema, "Mimi niko na shida, afande. Ulinipiga."

Akaniamuru niende nyumbani mpaka aniite, na kama nataka kumshtaki, nimshtaki. Basi nikaenda moja kwa moja, na yunifomu yangu, kwa afisa wa kazi wa serikali. Mama mmoja mwenye miwani. Amesema hakuna bosi anayeruhusiwa kumpiga mfanyakazi, na kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamika ni kosa jingine. Ataiita kampuni. Halafu akauliza shahidi wangu ni nani.

Alhamisi, 17 Julai
Shahidi sina. Nimempigia Juma, aliyesimama bega kwa bega nami siku ile. Hakupokea. Nikapiga tena, simu imezimwa. Ana familia, simlaumu. Hapana. Namlaumu sana.

Jumanne, 22 Julai
Kesho ndiyo siku ya kuitwa kwa afisa wa kazi. Naosha vyombo vilivyo safi. Afande atakataa, kampuni itamwamini, mimi nitaonekana mwongo. Wakubwa wa kampuni za ulinzi Kampala wanajuana. Hakuna atakayenichukua tena. Labda nisiende.

Jumatano, 23 Julai
Nilienda. Afande Charles alikuja na suti, pamoja na meneja wa kampuni. Afisa hakumaliza hata kusoma malalamiko yangu.

"Ndiyo, nilimpiga," afande akasema. "Kofi moja tu. Sisi kule jeshini tulipigwa mingi, si tuko hapa?"

Akacheka, akamgeukia meneja ili acheke naye. Meneja alikuwa anaangalia meza. Afande hakujua kwamba amekiri kosa. Alidhani anaeleza kazi yake. Afisa akamwomba arudie, akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake wote. Kwa ukweli sikujiandaa. Nimelia mbele za watu, makamasi na yote. Yeye ameondolewa. Mimi narudi kazini, kituo kingine. Afisa amesema polisi pia naweza kwenda, ni haki yangu. Sijaamua.

Ijumaa, 1 Agosti
Kituo kipya, ofisi moja Nakasero. Kuna kivuli na choo kisafi. Msimamizi ni Afande Grace, mtu mpole. Asubuhi aliinua mkono kuelekea begani kwangu. Niliruka nyuma, mgongo ukagonga geti.

Hakucheka. Alishusha mkono taratibu. "Pole, dada. Iko uzi hapo begani."

Nikautoa mwenyewe.