Kwa Wepukhulu, Ambaye Hakuruka Sehemu za Kulia

Sauti yako ndiyo iliyotangulia. Siku ya soko Chwele, kabla mtu hajaliona banda lako la video, alikuwa ameshakusikia kwenye spika ukimgombeza mfalme, na watu ndani wakicheka. Sasa ni mwaka mzima, ndugu yetu Wepukhulu, tangu malaria ikunyamazishe, na soko limebaki na kelele tu.

Ulikuwa mtafsiri wa sinema. Ulikaa na maikrofoni kando ya televisheni, ukawapa majitu na malkia maneno ya kwetu. Joka likiruka, ulisema limetoka Mlima Elgon linakuja kumaliza miwa ya Kabuchai, na wakulima wakashika vichwa.

Wenzako walionyesha sinema fupi ili wapate kuonyesha mbili. Wewe ulishikilia zile ndefu za diski mbili, zilizorudishiwa kila kitu kilichokatwa zilipopelekwa kwenye kumbi za mijini. Vitabu vyake ulikuwa umevisoma maktaba ya Bungoma, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukudanganya.

Ndivyo ulivyokutana na Nyaruai, mwenye duka la kukodisha video Kitale. Ulimrudishia diski ukamwuliza, "Yule mama anayevusha watu mto yuko wapi? Kwa kitabu yuko."

"Basi nenda ukaangalie kitabu," akakujibu. Lakini aliitafuta ile ndefu mpaka akaipata, na wewe akakupata.

Tunakumbuka jeshi la sinema liliposimama kumzika bwana harusi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Si uruke hapo bana, twende kwa vita."

Ukasimamisha sinema. "Kwani wewe kwa matanga unarukanga watu wakilia ndio ufikie chakula? Keti."

Akaketi.

Na wewe, Wepukhulu, ulikatwa siku ya kuzikwa kwako. Tunalisema mbele ya wasomaji wote, maana lilifanyika mbele ya watu wote. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine, na baba mdogo Makokha akaamuru mambo yafupishwe. Nyaruai ndio kwanza alikuwa anaeleza mlivyokutana. Makokha akamtoa maikrofoni mkononi. "Yatosha, mama. Mungu amesikia." Mkeo akarudi kuketi na sentensi yake nusu, na watu wake waliotoka Kitale wakatazama chini.

Jumamosi hii tunaweka msalaba kaburini kwako, nyumbani Kabuchai. Makokha alitangaza tena kwamba kila kitu kiishe kabla ya chakula. Habari zikafika Kitale, na Nyaruai akatuma neno kwamba haji. Hatanyamazishwa mara ya pili mbele ya mtoto wake. Mama yako akakosa usingizi. Msalaba wako usimamishwe, mkeo akiwa dukani?

Mdogo wako Wanyonyi, unayejua moto wake, akamfuata Makokha uani.

"Ati huyo mwanamke ataongea mpaka jioni?" Makokha akauliza.

"Hata mpaka kesho, baba. Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

"Kijana, usinifundishe kuzika. Nimezika watu kabla hujazaliwa."

Hapo mama Phelista akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Makokha, anayewekewa msalaba nilimzaa mimi, na sikumzaa kwa haraka. Mwacheni mkewe aseme."

Makokha akavaa kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe. Hakukubali, wala hakukataa. Kesho yake asubuhi Wanyonyi akafunga safari kwenda Kitale.

Wanaokukumbuka ni mama yako Phelista, mkeo Nyaruai, binti yako Nelima, na mdogo wako Wanyonyi. Baba mdogo Makokha pia yumo, hatumkati mtu. Tutakukumbuka siku zetu zote, Wepukhulu, mzima mzima.

Jibu la Nyaruai bado hatujalipata. Lakini aliyoambiwa na Wanyonyi aliambiwa kwa sauti, mlangoni pa duka lake, wateja wakisikia, nasi tunayarudia hapa ili tushikwe nayo:

"Shemeji, njoo. Utasema mpaka wewe mwenyewe useme umemaliza, na atakayetaka kukukatiza ataanza na mimi."