Mchaichai Ulionuka Sambaza

Nyalukemba, Jumanne usiku

Kwako, Nafsi yangu, kwa heshima. Ninakuandikia kuhusu mchaichai wetu wa mwisho, kwa kuwa mwenye kiwanja ameng'oa mashina yote ili ajenge.

Niliukausha kivulini, kama ipasavyo. Mvua ilipoanza niliuhamishia jikoni, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, pale tunapokaushia visamaki vya sambaza. Sasa kila jani linanuka samaki.

Leo nilimchemshia chai yake mke wangu, ambaye tangu augue, tumbo lake halipokei kinywaji kingine; alinusa kikombe akacheka kidogo.

"Papa Deo, andikia basi sambaza barua, zihame!"

Kisha akanirudishia kikombe kikiwa kimejaa. Mimi niandikaye barua za maombi za mtaa mzima nikachukua karatasi, nikakuandikia wewe.

Ninaomba uamuzi: niyatupe majani haya, au nimchemshie tena kesho?